Sauti Safi Haikupita Kampene

Mwaka 1999 kampuni za Sony na Philips zilitoa diski mpya, Super Audio CD, na mashine ya kwanza ya kuichezea, SCD-1 ya Sony, ikauzwa Marekani kwa dola 5,000 hivi. Mwaka uliofuata wapinzani wao wakajibu kwa diski yao, DVD-Audio. Wakati huo jimbo letu la Maniema, mashariki mwa Kongo, lilikuwa vitani. Kindu, makao makuu ya jimbo, ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD tangu Oktoba 1998, na mwenye redio ya betri katika mji wa Kampene aliitegea sikio apate habari, si kupima usafi wa sauti. Ukitaka kujua mji huu ulichangia nini katika historia ya diski hizo, ufungue mashine yenyewe. Kampene wanachimba dhahabu na kasiteriti, kasiteriti ndiyo madini ya bati, na bati ndilo linalounganisha vipande vya kila mashine ya umeme. Huenda tulikuwamo, basi, ndani ya mashine. Kwenye orodha ya wanunuzi hatukuwamo.

Robo karne imepita na swali linaloulizwa huko zilikozaliwa diski hizi ni kama zitadumu. Nadhani jibu ni kwamba zitaendelea kuchechemea, nazo hazitufai kitu. Kilichokuwa ndani yake ndicho kinachotufaa, na wachache wanakitazama.

CD ya kawaida, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16. DVD-Audio iliweza kufika mara 192,000 kwa biti 24. Super Audio CD ilishika njia yake: biti moja tu kwa kila kipimo, lakini vipimo zaidi ya milioni 2.8 kwa sekunde. Kwenye karatasi tofauti ni kubwa mno. Kwenye sikio ndipo ugomvi ulipoanza. Sikio la kijana mzima husikia hadi kama hezi 20,000, na CD ya zamani tayari inazifikia. Mwaka 2007 Meyer na Moran, watafiti wa Marekani, waliwasikilizisha watu sauti ya diski hizo mpya, mara ikiwa kamili, mara ikiwa imepunguzwa hadi kiwango cha CD. Wasikilizaji walibahatisha tu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio mengi ya aina hiyo akaona tofauti ipo, ila ni ndogo, na waliofunzwa kusikiliza huitambua zaidi. Isitoshe, sauti za juu kabisa ndizo sikio huzipoteza kwanza kadiri umri unavyokwenda. Mtu akifika umri wa kumudu mashine ya dola 5,000, sehemu ya anachokilipia imeshamtoka masikioni.

Hata hivyo, masikio hayakuziua diski hizi. Kufuli zilichangia zaidi. Kompyuta haikuweza kuisoma Super Audio CD, na kwa miaka ya mwanzo sauti yake safi haikuruhusiwa kutoka kwenye mashine kwa waya wa kidijitali wa kawaida. Aliyeinunua alikuwa ameinunulia chumba kimoja na kiti kimoja. Kichekesho ni kwamba kufuli ya Sony ilikuja kuvunjwa kupitia mashine ya Sony yenyewe, yaani PlayStation 3 za mwanzo, ambazo watu waligundua namna ya kuzitumia kuchota muziki uliofungwa. Nao ugomvi wa aina mbili za diski uliwafanya wanunuzi wangoje mshindi, na walipokuwa wakingoja, muziki ulihamia kwenye simu.

Yaliyofuata yanasimulika haraka. DVD-Audio ilizikwa bila matanga. Mwaka 2013 Universal walijaribu tena kwa diski za Blu-ray za sauti tupu, na soko likazipokea kwa adabu. Oppo, waliotengeneza mashine za kusoma karibu kila aina ya diski, walitangaza kuacha kazi hiyo mwaka 2018. Mwaka 2021 Apple walianza kuwapa wateja wao wa muziki sauti ya kiwango hichohicho bila kuongeza bei. BIS, kampuni ya Uswidi iliyotoa Super Audio CD nyingi za muziki wa kiklasiki, ilinunuliwa na Apple hiyohiyo mwaka 2023. Waliobaki ni wapenzi wa Japani, lebo chache za kiklasiki, na wazee wanaonunua albamu moja kwa mara ya tano.

Kampene mambo hayo yote yaliishia kwenye kadi ya memori. Kijana ana kibanda, laptopu, betri ya sola au jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, na rundo la simu za watu zinazochajiwa. Unampa kadi yako, anauliza unataka nini: rumba ya Kinshasa, nyimbo za kanisa, bongo fleva. Anachomeka, anakopi folda nzima, unalipa franka zako, unakwenda. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo kama 2,000 za dakika nne nne, zikiwa MP3 za kilobiti 128. Ungeijaza sauti ya biti 24 na kilohezi 96, ingebeba chini ya saa nne. Mchimbaji anayerudi kwenye shimo kwa wiki nzima hahitaji mtaalamu wa kumshauri achague ipi. Kule anakokwenda spika ni ya Kichina, ina taa zinazocheza zaidi kuliko inavyoimba.

Kwa hiyo sina ugomvi na MP3. Imefanya kazi ambayo hakuna diski iliyoifanya: imefika. Shida yake ni kwamba watu wameanza kuichukulia kuwa ndiyo nakala asili. Wimbo unachotwa YouTube, unabanwa kuwa MP3, unabanwa tena na programu nyingine, na kila unapobanwa kitu fulani kinaachwa ambacho hakirudi. Mwanamuziki wa Kinshasa ana studio iliyotunza chanzo, pengine. Kwaya ya parokia na ngoma ya kijijini chanzo chao mara nyingi ni simu ya mtu mmoja, na simu hiyo huibwa, huuzwa au huanguka mtoni.

Hapa ndipo mfano wa mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke unapotusaidia. Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Tracey alizunguka Afrika na gari lenye vifaa vya kurekodi na jenereta yake, jenereta ikiwekwa mbali ili mngurumo usiingie. Kazi zake zilikuja kutunzwa na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Miaka mingi baadaye, lebo ya SWP ya Uholanzi ilitoa sehemu ya rekodi za Tracey za Kongo kwenye CD. Ni CD za kawaida, biti 16. Zinasikika vizuri kwa sababu siku ile ya kurekodi kazi ilifanywa vizuri na kanda ikahifadhiwa. Ungeziweka kwenye Super Audio CD zisingepata hata uzi mmoja zaidi wa gitaa.

Na kinyume chake ni kweli pia. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mbelgiji Armand Hutereau alirekodi nyimbo za watu wa Uele, kaskazini mwa Kongo, kwenye mitungi ya nta, ambayo sasa iko jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Nta huchakaa kila inapochezwa. Sauti iliyokosekana siku hiyo imekosekana moja kwa moja, hata uipime mara milioni ngapi.

Warega wa Pangi, eneo ilimo Kampene, wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Elimu ya bwami, chama kilichopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, ilifundishwa kwa methali zinazoimbwa na kuchezwa, huku vinyago vya pembe na vya mti vikionyeshwa mbele ya wanaoingizwa. Mtafiti Daniel Biebuyck aliandika mengi ya mafunzo hayo katika kitabu chake Lega Culture cha 1973. Vinyago vimetapakaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, vimemulikwa taa nzuri, na methali zimepigwa chapa. Nyimbo zilizovipa vinyago hivyo maana haziingii kwenye kabati la kioo, na wazee wanaozijua hawazidi kuongezeka.

Wahifadhi wa sauti duniani, kupitia chama chao cha IASA, wanapendekeza rekodi za zamani zihifadhiwe kwa biti 24 na angalau kilohezi 48, na wengi huchagua 96. Ni familia ileile ya viwango iliyotangazwa na DVD-Audio mwaka 2000. Diski ilikufa, kipimo kikabaki, tena bila kufuli: faili la WAV hufunguka kwenye kompyuta yoyote. Na kifaa cha kurekodi kwa kiwango hicho siku hizi huingia mfukoni, hutumia betri ndogo za tochi, na bei yake haikaribii ile ya SCD-1.

Basi ninawaomba wenye redio za Maniema, wakuu wa parokia na walimu wa Pangi: kabla ya kununua spika nyingine kubwa, nunueni kinasa sauti kimoja. Mrekodini mzee akiwa ameketi, jenereta ikiwa imezimwa au iko mbali, kwa WAV ya biti 24 na kilohezi 96. Saa moja itakula gigabaiti 2. Mumwulize kwanza, maana nyimbo nyingine hazikuimbwa kwa ajili ya kila mtu, na mwenyewe ndiye anayejua zipi. MP3 mpeni yule kijana wa kibandani aisambaze, kama mzee ameridhia. WAV iwekeni nakala tatu: moja Kindu, moja Bukavu, na moja ibaki Kampene.