Sokwe wa Vizimbani na Misitu ya Rumonge

Katika miaka ya 1980 mtu aliyepita mjini Bujumbura aliweza kuona, mahali fulani palipohudumiwa magari, kizimba kilichotundikwa juu ya ardhi, na ndani yake sokwe mtu dume. Jina lake lilikuwa Poco. Aliwekwa pale ili awavute wateja, na maisha hayo yaliendelea kwa muda wa miaka 9. Kizimba kilikuwa chembamba mno, hata mnyama huyo, ambaye kwa maumbile yake hutembea kwa miguu na mikono, akalazimika kusimama wima kama askari wa zamu. Alipokombolewa mazoea hayo hayakumtoka. Mara nyingi aliendelea kutembea kwa miguu miwili, na wageni wakamstaajabia kana kwamba amejifunza utu, kumbe mwili wake ulikuwa umefuata umbo la kizimba.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa katika mwambao wetu, tangu Rumonge hadi Nyanza-Lac, kwa kuwa hapa sokwe si mnyama wa kuletwa kutoka mbali. Wamo katika misitu ya miyombo ya Rumonge na Vyanda, juu ya vilima vinavyolitazama ziwa, ingawa ni wachache, maana sehemu kubwa ya misitu ya zamani imekwisha kugeuka mashamba, ya michikichi na ya mazao mengine. Kusini zaidi, kando ya ziwa hili hili, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, iko Gombe, ambako Jane Goodall alianza uchunguzi wake mwezi wa Julai 1960. Huko ndiko ulimwengu ulikojifunza kwamba sokwe hutengeneza kijiti cha kuvulia mchwa. Mtoto hunyonya kwa muda wa miaka 4 au 5, naye huendelea kumfuata mama yake kwa miaka mingi baada ya hapo. Kila jioni mkubwa hujitengenezea kitanda kipya cha matawi juu ya mti.

Mwenye kumfunga mnyama wa namna hiyo hujitetea kwamba ndizi anapewa na njaa haijui. Huenda ni kweli. Lakini sokwe aliye peke yake, asiye na mwenziwe wa kumchambua manyoya, wala mti wa kupanda, wala kazi ya kutafuta chakula, hukaa akiyumbayumba mchana kutwa, na wengine hujing'oa manyoya kwa mikono yao wenyewe. Watazamaji hucheka wanapomwona amekenua meno, wakidhani kwamba naye anacheka. Yafaa ijulikane kwamba sokwe anapovuta midomo nyuma na kuonyesha meno yote, mara nyingi hiyo ni dalili ya hofu.

Tusidhani kwamba ujinga huo ulikuwa wetu peke yetu. Katika bustani ya wanyama ya London, sokwe walikalishwa mezani wanywe chai mbele ya umati tangu mwaka 1926, na karamu hizo hazikukomeshwa mpaka mwaka 1972. Leo bustani zinazojiheshimu huwaweka sokwe kwa makundi, huwapa mahali pa kupanda na pa kujificha macho ya watu, na hutawanya chakula ili wakitafute.

Hata hivyo, shina la jambo lenyewe liko msituni. Sokwe mama hamwachi mtoto wake, kwa hiyo mwindaji anayetaka mtoto humwua mama kwanza, na pengine wengine wanaokuja kumtetea. Ndipo mtoto huletwa barabarani akiwa amefungwa kamba, na mpita njia mwenye huruma hutoa fedha ili amwokoe. Huruma hiyo hatuilaumu, ila ni lazima isemwe kwamba fedha ile ndiyo inayomrudisha mwindaji msituni. Anayeonyeshwa mtoto wa sokwe asimnunue. Awaarifu walinzi wa hifadhi au wakuu wa serikali walio karibu.

Burundi ilijiunga mwaka 1988 na Mkataba wa Kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao unakataza biashara ya sokwe waliokamatwa porini. Baadaye Taasisi ya Jane Goodall ikawa na kituo mjini Bujumbura cha kuwalea mayatima, Poco akiwa miongoni mwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 vilifanya mahali hapo pasiwe salama, na sokwe hao wakahamishiwa Kenya, katika makao ya Sweetwaters karibu na Nanyuki. Poco alifika huko mwaka 1995.

Wako wanaouliza kwa nini hawakurudishwa msituni. Sokwe aliyelelewa na watu hajui vyakula vya porini na hamwogopi mwindaji. Aweza kubeba maradhi ya binadamu, na madume wenye eneo lao humwua mgeni. Kwa hiyo Sweetwaters, katika nchi isiyo na sokwe wa porini hata mmoja, ni makao ya maisha, na majike huko hupewa dawa ili wasizae. Sokwe anayetunzwa vema aweza kupita umri wa miaka 50, na kwa muda wote huo lazima awepo mtu wa kumlisha kila asubuhi.