Januari ni ya Kumanga

Wasee wa gimu, mtuwie radhi. Hii wiki ya kwanza ya mwaka mnatembea na chupa za maji zimejaa matango na ndimu, mmeapa hamguzi chapo hadi Pasaka, na kila asubuhi tunaona jasho yenu kwa status. Mi kazi yangu ni kuandika stori za msosi, so mwaka wangu huanzanga na kijiko. Na ukweli ni huu: hakuna mwezi wa kudishi Nairobi kama Januari. Desemba ni kelele tu. Nyama inatolewa kwa moto haijaiva juu laini ni ndefu, bei imepanda, na fundi mwenye unamtrasti amewahi basi ya ocha, ameachia kibanda kijana wa kujifunza. Sai fundi amerudi, kastoma ni wachache, mathe wa kibanda ako na time ya kukuuliza umeamkaje na kukuongezea kijiko ya supu bila kuitishwa.

Najua mtasema Njaanuary. Mshahara wa Desemba uliingia mapema ukaisha kabla ya Boxing Day, karo inangoja, keja inataka rent, na tarehe zimegoma kusonga. Hata mimi nimesota. Lakini kusota ni kitu moja na kula vibaya ni kitu ingine kabisa.

Anza na chapo zenye zilibaki, zile mathe alikufungia ukitoka ocha. Chapo ya siku ya pili iko na utamu wake, vile matabaka yameshikana na mafuta imetulia ndani. Usiiweke maikrowevi, itatoka slipa. Pasha pani kavu, moto ya chini, igeuze mos mos mpaka ianze kunukia na madoa yaongezeke. Chai nayo iwe ya maziwa, majani ya kutosha, na tangawizi ya kutwanga, si ile ya unga. Kama kuna madondo ya jana, basi hiyo siku umeishinda kabla ya saa tatu.

Halafu maembe. Hii ndio sababu kubwa ya mimi kupenda Januari, na wasee huisahau juu wako bize kuhesabu kalori. Maembe ya Makueni hushika kasi mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Machi hivi, so sai yamejaa kila kona, kwa mkokoteni, kwa beseni, nje ya steji. Kuna venye ya kuchagua. Tommy usidanganywe na sura: imepaka lipstiki nyekundu lakini ndani ni nyuzi, utashinda ukichokora meno hadi jioni. Kent ni laini na haina nyuzi. Ile ya kuitwa apple, ya mviringo, inamwaga juisi hadi kwa kiwiko, hiyo kula ukiwa umeinama. Na ukipata ngowe, ile ndefu yenye Wapwani wanaijua vizuri, nusa kwanza hapo kwa kikonyo. Kama inanukia, lipa usibonge mingi. Kama bado ni mbichi, ikatwe vipande, chumvi, pilipili ya kusaga, na hapo hata manzi wa dayati atakuomba kimoja.

Sasa tufike kwa mutura, mahali roho yangu iko.

Giza ikianza kuingia, jamaa wa mutura anawasha makaa, na mtaa mzima unajua bila kutangaziwa. Wale hawajui huona ni matumbo tu. Kazi iliyo hapo ni noma: utumbo unasafishwa hadi maji itoke safi, unajazwa nyama, damu, kitunguu, dania na pilipili, unafungwa, unachemshwa kwanza ndio ushikane, kisha ndio unaenda kwa makaa. Msee wa haraka anaruka ile ya kuchemsha, na mutura yake inapasuka ikimwaga kila kitu kwa moto. Huyo mwache. Mzuri utamjua kwa kisu. Akikata, ngozi inafanya krach, ndani imeshikana na bado iko na unyevu. Mimi huitishanga ile ya mwisho mwisho penye imeungua kidogo. Ya finje inatosha kuanza, chumvi pembeni ya ubao, kachumbari, na supu ya mifupa kwa kikombe yenye pilipili inakutoa machozi.

Na hapo hakuna kiti. Mwenye tai na mwenye boda wanaegemea ubao moja, vidole vinagongana, stori ni ya Arsenal ama ya gava. Nimekula hoteli zenye leso ya kitambaa na weita anasimama nyuma yako kama askari, na sijawahi sikia hiyo raha.

Siku kaganji kameingia, mi hushuka Eastleigh. Wali wa Kisomali wenye iliki na zabibu kavu, nyama ya mbuzi inateleza kutoka kwa mfupa, na ndizi mbivu kando. Hiyo ndizi si ya baadaye, wadau. Unaimega na wali, tonge moja, na utamu wake unatuliza ile pilipili ya kijani ya basbaas. Kuna wasee huitoa kwa sahani wakidhani ni dizati. Tunawaombea. Malizia na chai ya maziwa ya ngamia, yenye kachumvi kwa mbali, kisha tafuta mahali pa kukaa, juu kutembea hutaweza.

Na msiniambie kula vizuri ni ya wenye wameomoka. Mark Zuckerberg alikuja hapa Nairobi 2016, na ganji yake yote akaenda kwa Mama Oliech kule Kilimani akakula ugali na ngege mzima wa kukaanga. Angeweza kuitisha chochote. Wamama wa Kenyatta Market hiyo walijua kitambo: kichwa kinasukwa, mkono uko kwa sinia ya choma, na hakuna anayeuliza kama ni Januari.

Wikendi hii fomu ni Burma, pale Jogoo Road. Choma kilo mbili, ugali moto, kachumbari ya pilipili nyingi. Mwenye ako na jirongo alete, mwenye hana aje na mikono safi. Na wewe wa maji ya matango, karibu pia. Utashika mbavu moja tu, ya kuonja.