Kompyuta ya Wote na Kompyuta ya Mmoja: Vizuizi Viwekwe Wapi?

Mashirika mengi yenye ofisi za mashambani hutunza hesabu na taarifa za miradi katika seva moja iliyoko makao makuu. Mfanyakazi aliye wilayani huwasha kompyuta ya mezani kwake, kisha huingia katika seva hiyo kupitia mtandao na kufanya kazi kana kwamba ameketi mbele yake. Watu kumi au zaidi huwa ndani ya mashine moja kwa wakati mmoja.

Sasa tuseme mmoja wao anabonyeza kitufe cha kuzima akidhani anazima kompyuta yake. Seva huzimika, na kazi ambayo wenzake hawajaihifadhi hupotea. Tena seva iliyozimwa kwa mbali mara nyingi haiwashwi kwa mbali. Lazima mtu aifuate ilipo. Ikiwa ni Ijumaa jioni na mishahara inaandaliwa, watu watasubiri hadi Jumatatu.

Kwa hiyo msimamizi wa mtandao huweka vizuizi: kitufe cha kuzima kiondolewe, programu zisiongezwe ovyo, kila mtu apewe kikomo cha nafasi kwenye diski. Hayo yote ni sawa. Tatizo ni mahali anapoviweka.

Katika mtandao wa Windows unaotumia Active Directory, watumiaji na kompyuta hupangwa katika mafungu, na sera huwekwa juu ya fungu. Sera za mtumiaji humfuata mtu kwenye kila kompyuta ya mtandao huo. Ukiondoa kitufe cha kuzima kwenye fungu la wahasibu, mhasibu atakikosa kwenye seva, na atakikosa pia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Jioni atachomoa waya ukutani, na faili zake zitakuwa hatarini.

Dawa imekuwapo tangu Windows 2000, nayo huitwa lupubeki. Iweke seva katika fungu lake peke yake, weka vizuizi hapo, kisha washa lupubeki. Mtu akiingia kwenye seva atakuta masharti ya seva. Akirudi kwenye kompyuta yake atakuta yale ya kwake. Kuna namna mbili. Katika kubadilisha, sera za fungu la seva huchukua nafasi ya zile za mtu. Katika kuchanganya, zote husomwa, na zikipingana za seva hushinda. Sisi tunapendelea ya kwanza, maana ni rahisi kujua kizuizi kimetoka wapi. Usisahau kuwaondoa wasimamizi katika sera hiyo, la sivyo nao watafungiwa nje ya vyombo vyao vya kazi.

Jambo moja huwadanganya wengi: kuficha diski si kuifunga. Sera ya kuficha huondoa picha yake tu kwenye kioo. Kinachozuia kweli ni ruhusa zilizowekwa juu ya faili na folda zenyewe.

Linux nyingi za siku hizi hutofautisha zenyewe. Aliyeketi mbele ya mashine huruhusiwa kuizima, bali aliyeingia kwa mbali hudaiwa neno la siri la msimamizi.

Na kompyuta ya mtu binafsi je? Hapo punguza mkono. Mpe mtumiaji akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, ili kirusi kikiingia kisipate mamlaka hayo kirahisi. Mengine mwachie: azime, apange meza yake, achague printa yake. Ukimbana kwa kila kitu, neno la siri la msimamizi litaanza kupita mkono kwa mkono, nawe hutajua nani analo.

Kabla ya kuwatangazia watu, fungua akaunti ya majaribio ndani ya fungu la wahasibu. Ingia nayo kwenye seva, kisha kwenye kompyuta ya kawaida, utazame kitufe cha kuzima kipo wapi na hakipo wapi.