Kompyuta ikigoma kwa nenosiri, angalia betri isimfikie mtoto

MZAZI, kompyuta ya mtumba uliyomnunulia mwanao huenda ikadai nenosiri mara tu inapowashwa, kabla Windows haijafunguka. Nenosiri hilo halikai kwenye diski, bali kwenye ubao mkuu wa mashine. Ndiyo maana kuweka Windows upya hakusaidii.

Kwa kompyuta nyingi za mezani za zamani, fundi huchomoa waya wa umeme, kisha hutoa kwa muda betri bapa inayofanana na sarafu, au huhamisha kipini kidogo kwenye ubao. Nenosiri hufutika, mafaili hubaki. ThinkPad ni tofauti: nenosiri kuu likisahaulika, Lenovo huelekeza ubao ubadilishwe. Kwa hiyo kabla hujalipa, muuzaji aiwashe mbele yako na alifute, nawe utunze risiti.

Hatari kubwa ni ile betri ikiachwa mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, hata kama imekwisha nguvu. Usimtapishe, wala usisubiri dalili. Mwahishe hospitali apigwe eksirei. Kibaha kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Kisarawe kuna hospitali ya wilaya. Akiwa amezidi mwaka 1, ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita na bado anaweza kumeza, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali haichukui nafasi ya daktari.

Betri ya zamani ifunge kwa selotepu pande zote, iwekwe mbali na watoto.