Mchelewaji si Mcheleweshaji

Juma hili tulitazame neno "mchelewaji", ambalo wengi wetu humbandika kila asiyefika kwa wakati.

Neno hili limetokana na kitenzi "chelewa", na asili yake ni "kucha", yaani kupambazuka. Kwa maana ya awali, aliyechelewa ni yule aliyekutwa na mapambazuko kabla hajashika njia.

Kuchelewa si sawa na kukawia. Kuchelewa ni kupitwa na wakati uliowekwa. Kukawia ni kutumia muda mrefu. Ukimtuma mtoto sokoni bila kumpangia saa ya kurudi, naye akakaa mno, amekawia. Ndiyo maana wahenga wakasema "Kawia ufike". Hawakusifu uchelewaji, bali mwendo wa polepole wenye salama.

Sasa angalia silabi moja tu inavyobadili mambo. Mchelewaji huchelewa mwenyewe. Mcheleweshaji huwachelewesha wenzake. Karani anayekalia jalada la mjane anayedai mafao ya marehemu mumewe ni mcheleweshaji, hata kama yeye hufika kazini mapema kila siku. Na yule mama, akishindwa kulipa ada ya mwanawe kwa wakati, hakuchelewa: amecheleweshwa. Barua ya shule ikimwita mchelewaji, imemtwika kosa la mtu mwingine.

Basi kabla ya kumkaripia mtu, tuulize kwanza: amechelewa, au amecheleweshwa? Na kama amecheleweshwa, ni nani aliyemchelewesha?