Kuugua njiani na kinga: wakati gani kupumzika, wakati gani kumuona muganga



Mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvua kuanza, jua linakuwa kali sana huku Haut-Katanga. Ni wakati huo huo kinga zinajaa barabarani kuelekea Lubumbashi: makala, mihogo mikavu, mahindi yaliyobaki ghalani. Mtu anasukuma mifuko mitatu kilomita 60 ama 80, analala njiani, kesho anamaliza. Kazi hiyo inakomaza mwili kama mashindano ya kinga tunayosikia ku redio, ila mwanamashindano ana gari linalomfuata na maji, na hana makala nyuma.

Ndiyo maana swali hili linarudi kila mwaka: mwili ukianza kukataa njiani, ni uchovu tu ama ni ugonjwa?

Uchovu unaisha ukipumzika. Simamisha kinga, kaa kivulini, fungua shati, kunywa kidogo kidogo, kula kitu. Ngoja nusu saa. Watu wengi wanatoka saa kumi ya usiku na chai tupu tumboni. Ikifika saa nne mikono inatetemeka, jasho la baridi linatoka, miguu inakataa. Hiyo ni njaa. Ndizi mbivu mbili, muwa, ama maji ya sukari, na kisha dakika 15 nguvu zinaanza kurudi. Zisiporudi, usijidanganye tena kwamba ni njaa.

Joto ni jambo lingine. Misuli ikisukuma mzigo ku mlima inatoa moto mwingi, na mwili unajipoza kwa jasho. Jasho linaondoka na maji na chumvi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutaka kutapika, misuli ya miguu inajikaza, mkojo unakuwa kidogo na wa manjano sana. Ukifika hapo, safari ya siku hiyo imeisha, hata kama soko ni kesho. Tengeneza maji ya chumvi na sukari: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usiongeze chumvi ukifikiri itasaidia zaidi. Na maji matupu nayo yana kipimo chake: mtu akimaliza bidoni nzima bila kula kitu, chumvi ya mwili inapungua sana, kichwa kinauma, anatapika, wakati mkojo wake ni mweupe kama maji. Huyo asiongezewe maji, apelekwe kwa muganga. Kunywa ukiwa na kiu, na kula njiani.

Hatari kubwa inakuja joto likifika ku akili. Mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anatembea kama amelewa lakini hajagusa pombe, anakasirika bure. Ukimuuliza, atakujibu: «Niko sawa, twende tu.» Usimsikilize. Akili ambayo ingemwambia kwamba anaumwa ndiyo imeguswa, basi mwenzake ndiye anaamua. Wengine wanasema eti akiwa bado anatoka jasho si hatari. Si kweli: mtu anayesukuma mzigo anaweza kuwa amelowa jasho na bado mwili unaungua ndani. Mpoze kwanza, mbele ya kutafuta pikipiki: kivuli, vua nguo, mwagia maji mwili wote, mpepee na kitambaa, na usiache mpaka akili irudi. Maji ya mto yasiyofaa kunywa yanafaa kumwagia. Akizimia, mlaze ubavu, usimtilie kitu mdomoni. Kisha kituo cha afya, hata kama ameamka na anacheka.

Kuna mengine yasiyongoja ile nusu saa. Maumivu ya kifua yanayobana kama jiwe, yanayokwenda ku mkono ama ku taya. Pumzi fupi hata ukikaa. Na mkojo wa rangi ya chai nzito ama Coca: misuli iliyofanyishwa kazi kupita nguvu inavunjika na uchafu wake unaziba figo, ama ni malaria mbaya. Vyote viwili ni vya muganga siku hiyo hiyo. Usimeze diklofenak ama ibuprofeni juu ya maumivu ya misuli wakati mwili umekauka. Dawa hizo zinaumiza figo zaidi.

Mwenye homa asitoke kabisa. Ile mawazo ya kwamba «nitaitoa na jasho» imeharibu watu wengi, juu homa na kazi nzito pamoja vinaweza kugusa moyo. Kipimo cha TDR kinataka tone moja la damu ya kidole na kama dakika 20. Ukipona, safari ya kwanza iwe na mfuko mmoja. Hata mtu mzima ambaye amekaa miezi bila kusukuma, mwili wake unataka wiki moja mpaka mbili kuzoea joto tena.

Na lutuku ya asubuhi «ya nguvu»? Haitoi nguvu, inaficha tu uchovu. Mwaka 1967 mwanamashindano wa Uingereza, Tom Simpson, mwenye miaka 29, alikufa ku mlima Ventoux wakati wa Tour de France. Kulikuwa joto kali, tumbo lilikuwa limemsumbua, na ndani ya mwili wake walikuta pombe na vidonge vya kuchangamsha. Alianguka, wakamrudisha ku kinga, akaendelea kidogo, akaanguka tena.

Tunajua kinachowazuia memba kusimama: mzigo. Ukiacha mifuko ku barabara, franga za miezi miwili zinaweza kupotea, na pengine ni za deni. Basi jambo hilo liamuliwe ndani ya mkutano, mbele ya msimu. Mtu asiende peke yake, kinga ziende mbili mbili ama tatu tatu. Komite ichague ku kila njia nyumba moja ama mbili ambazo zitapokea mzigo wa memba mgonjwa, na iandike namba ya simu ya muganga wa karibu na ya mwenye pikipiki. Sanduku liweke pembeni franga za pikipiki hiyo, na memba arudishe polepole kisha kuuza.