Siku Tatu za Mapumziko Singapore: Ratiba Ipimwe kwa Anayechoka Kwanza

Jijini Singapore iko kanuni moja ya kalenda ambayo kila mwenye familia huifahamu vyema: sikukuu ya umma ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa siku ya mapumziko. Mathalan, Siku ya Taifa huadhimishwa kila tarehe 9 Agosti, kukumbuka mwaka 1965 ambapo Singapore ilitengana na Malaysia na kuwa jamhuri. Katika mwaka 2026 tarehe hiyo ni Jumapili, na kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 10 nayo ni sikukuu. Ukiongeza na Jumamosi, familia imepata siku tatu mfululizo.

Siku tatu za namna hiyo ni adimu katika jiji lile lenye watu wapatao milioni 6. Katika nyumba nyingi baba na mama wote wawili wako kazini. Watoto wakitoka shuleni huenda kwenye masomo ya ziada. Na bibi, ikiwa anaishi na wanawe, huwaona wajukuu wakati wa chakula cha jioni tu. Hata hivyo si ajabu kuiona familia ikirejea nyumbani Jumatatu usiku imechoka kuliko ilivyokuwa Ijumaa: mtoto analia, bibi amevimba miguu, mama hasemi neno, na baba anahesabu risiti. Jiji halina kosa. Kosa limo katika ratiba, ambayo iliandikwa kwa kuhesabu mahali pa kwenda badala ya kuwahesabu watu watakaokwenda.

WATU KWANZA, MAHALI BAADAYE

Ratiba njema huanza kwa swali moja: katika nyumba hii, ni nani anayechoka kwanza? Huenda ni bibi mwenye maumivu ya magoti, au mtoto wa miaka minne ambaye asipolala mchana huwa hashikiki. Huenda pia ni mama, ambaye kabla ya safari amefunga mizigo, wakati wa safari anagawa maji na chakula, na baada ya safari anafua. Mwendo wa watu hao ndio uwe kipimo cha safari nzima. Kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kumsubiri bibi yake. Bibi hawezi kumkimbilia kijana.

Kwa kipimo hicho, jambo kubwa moja latosha kwa siku moja. Asubuhi watu watoke, mchana wapumzike, na jioni watoke tena kidogo wakipenda. Atakayeona kwamba huo ni uvivu na alitazame jua la Singapore.

JUA NA MVUA

Singapore iko karibu sana na mstari wa ikweta, upande wa kaskazini, kwa umbali wa kilometa zipatazo 140 tu. Mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kutua karibu na saa moja jioni. Mchana joto hufikia nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Alasiri nyingi hunyesha mvua kubwa yenye radi, kisha kukatulia.

Kwa sababu hiyo, saa njema za kutembea ni tangu mapambazuko hadi saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Kati ya saa sita na saa kumi, mahali pa mtoto na mzee ni kivulini au nyumbani. Kila mtu achukue kofia na chupa ya maji, na mwavuli usiachwe, kwani hutumika kwa jua na kwa mvua.

KUVUKA AU KUBAKI

Uamuzi wa kwanza ni kama familia itatoka nje ya nchi. Kaskazini mwa kisiwa iko njia iliyojengwa juu ya mlangobahari, yenye urefu wa kilometa moja hivi, ambayo ilifunguliwa rasmi mwaka 1924 na inaunganisha Singapore na mji wa Johor Bahru huko Malaysia. Vitu vingi ng'ambo ile ni rahisi, na kwa hiyo sikukuu ndefu inapofika magari hupanga foleni ambayo huchukua saa nyingi. Familia yenye mtoto mchanga au mzee yapaswa kujiuliza kama akiba itakayopatikana dukani inalingana na nusu siku ya kukaa ndani ya gari. Familia nyingi zikipiga hesabu hiyo kwa makini zitaona heri kubaki jijini.

Kubaki hakuhitaji gari. Treni za mjini, zilizoanza kazi mwaka 1987, hufika karibu pande zote za kisiwa, na kila stesheni ina walau njia moja yenye lifti kwa ajili ya wazee na vigari vya watoto. Mtoto asiyezidi urefu wa sentimita 90 hupanda bila nauli akiwa na mtu mzima. Ila watoto waelezwe mapema kwamba kula na kunywa ndani ya treni ni marufuku, na faini yake yaweza kufika dola 500 za Singapore. Hata maji yanywewe kabla ya kupanda.

JUMAMOSI: BUSTANI NA MEZA YA JIONI

Siku ya kwanza familia huwa bado na uchovu wa wiki, basi ianze polepole. Bustani ya mimea ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1859, hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na haitozi kiingilio, isipokuwa katika sehemu ya maua ya okidi. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Mzazi anayo hadithi ya kumsimulia mtoto chini ya miti ile. Mwaka 1877 miche ya mpira iliyotokana na mbegu za Brazil, na kupitia bustani ya Kew nchini Uingereza, ilifika Singapore. Henry Ridley, aliyeanza kuiongoza bustani mwaka 1888, alivumbua namna ya kugema utomvu wa mpira tena na tena bila kuua mti. Kilimo cha mpira kilichoenea Malaya nzima kilipata nguvu kutokana na kazi hiyo.

Ndani ya bustani hiyo kuna sehemu ya watoto iitwayo Jacob Ballas, ambako mtu mzima haruhusiwi kuingia bila kuongozana na mtoto. Kwa mara moja mtoto ndiye anayemwingiza baba yake mlangoni, na jambo hilo pekee humpa furaha ya siku nzima.

Jioni mama asipike. Jiji lina kumbi nyingi za wachuuzi wa vyakula, ambazo serikali ilizijenga hasa katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuwatoa wachuuzi barabarani na kuwapatia maji safi na mahali pa usafi. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni wa kumbi hizo. Ndani yake vibanda vya Wachina, Wamalay na Wahindi vimesimama bega kwa bega: wali kwa kuku wa mtindo wa Hainan, wali wa nazi uitwao nasi lemak, mishikaki ya satay na chapati laini za prata. Kila mmoja huchagua chake, nao wote hukaa meza moja. Mwislamu hutafuta kibanda chenye cheti cha halali. Wenyeji huwahi meza kwa kuweka pakiti ya karatasi laini juu yake, na desturi hiyo huheshimiwa. Baada ya kula, kila mtu hurudisha sinia na vyombo vyake. Tangu mwaka 2021 asiyefanya hivyo aweza kuadhibiwa.

JUMAPILI: JAMBO MOJA LA FEDHA

Katika siku tatu, kitu kimoja cha kulipia chatosha. Watoto wakielezwa tangu Ijumaa kwamba fedha ni za jambo moja, nao wakashirikishwa katika kulichagua, hawatalia mbele ya kila duka.

Wapo watakaochagua bustani ya wanyama ya Mandai, iliyofunguliwa mwaka 1973. Humo wanyama wengi wametenganishwa na watu kwa mifereji ya maji na mimea badala ya vyuma vya kizimba. Kwa bibi asiyeweza kutembea sana, vipo vigari vya kuzungusha wageni.

Familia ambayo wote wana miguu yenye nguvu yaweza kwenda kisiwa cha Ubin kwa gharama ndogo zaidi. Mashua huondoka Changi zikiwa zimejaa abiria 12, na safari huchukua dakika kama 10. Huko baiskeli hukodishwa, na watoto waliozoea lifti na lami huona mitende, kuku na njia za udongo. Mashariki mwa kisiwa hicho iko pwani ya Chek Jawa, yenye mikoko, matope na nyasi za bahari. Ilikusudiwa kufukiwa ili kuongeza ardhi, kama zilivyofukiwa pwani nyingine nyingi; nchi ile imekua kutoka kilometa za mraba 581 hivi wakati wa uhuru hadi zaidi ya 730. Lakini wananchi na wataalamu walitoa maombi, na mwishoni mwa mwaka 2001 serikali iliahirisha mpango huo. Mtoto atakayeona kaa wa pwani ile ameona kitu ambacho nusura kizikwe.

JUMATATU: NUSU SIKU TU

Siku ya mwisho ndiyo huharibiwa zaidi, kwa kuwa watu hutaka kumaliza yote yaliyobaki. Ipewe asubuhi na jioni fupi.

Asubuhi yafaa kwa Kampong Glam, mtaa wa kale wa Wamalay. Hapo unasimama Msikiti wa Sultani, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1932. Ukitazama chini ya kuba zake za dhahabu utaona mstari wa duara wenye rangi nyeusi: ni vitako vya chupa za kioo. Maskini wasiokuwa na fedha walichanga chupa, ili nao wawe na sehemu yao katika nyumba ya ibada. Msemaji wa Kiswahili akifika mtaani hapo masikio yake yatashtuka, kwani Wamalay wakisalimiana huulizana khabar, huoshea sabun, huandika juu ya kertas na hula nanas. Biashara ya bahari ya Hindi iliyagawa maneno hayo pande zote mbili.

Jioni, jua likipungua ukali, familia yaweza kwenda Marina Barrage, boma lililozinduliwa mwaka 2008 kuzuia maji ya bahari yasiingie katika ghuba ya katikati ya jiji. Nyuma yake kuna bwawa la maji ya mvua. Jambo hilo si dogo kwa nchi isiyo na mito mikubwa, ambayo hununua sehemu ya maji yake kutoka Johor kwa mkataba wa mwaka 1962 utakaokwisha mwaka 2061. Juu ya paa la jengo limepandwa majani, na hapo watoto hurusha tiara bila kulipa hata senti. Tajiri na maskini huutumia upepo uleule.

MAPUMZIKO YA NANI?

Limebaki jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Nyumba nyingi za Singapore zina mfanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino, Indonesia, Myanmar au nchi nyingine. Idadi ya wafanyakazi hao imezidi 250,000. Familia ikipanga siku tatu za starehe, ni rahisi kumwandika mfanyakazi huyo katika ratiba kama mbeba mizigo na mlezi wa mtoto. Yeye pia ni mtu aliyeacha watoto kwao. Sheria ya huko inamtambua kuwa na haki ya siku ya kupumzika kila wiki, na tangu tarehe 1 Januari 2023 mwajiri lazima ampe walau siku moja kila mwezi ambayo haiwezi kubadilishwa kwa malipo. Sikukuu ndefu isiwe sababu ya kuikwepa haki hiyo. Siku yake iandikwe kwanza katika karatasi, kabla ya bustani na mashua.

Siku hiyo baba ashike mkono wa mtoto, kijana abebe mkoba wa maji, na binti amwongoze bibi kwenye lifti. Hapo ndipo wote watakapojua ni nani aliyekuwa akiibeba familia siku zote, na huenda wakajifunza kugawana mzigo huo hata baada ya sikukuu kupita.

Kwa hiyo karatasi ya Ijumaa jioni isiwe ndefu. Iandikwe siku ya mfanyakazi, saa ya usingizi wa mtoto, dawa za bibi, jambo moja la kulipia, na mahali patatu pasipo malipo. Nafasi nyingine iachwe tupu, kwa ajili ya mvua. Jumatatu saa mbili usiku viatu viwe vimeshapangwa mlangoni na sare za shule zimepigwa pasi. Jumanne asubuhi ndipo ratiba itakapopimwa: mtoto akiamka akiuliza lini watarudi kurusha tiara, na mama akiwa na nguvu za kumjibu, siku tatu hizo zimetumika vyema.